Mistari Kumi na Miwili ya Mwalimu Navoneiwa

Wenzangu mnaobaki na chaki mikononi,

Siku nilipokabidhi funguo za kabati la ofisi mliniomba niwaandikie kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi. Nadhani mlitarajia habari za vyeo. Vyeo vyangu vilikuwa vichache na barua zake zimo kwenye faili. Mkizitaka muulizeni karani, kama panya wamembakizia chochote. Mimi nitaandika habari za shairi moja la kulazia watoto. Nilikuwepo lilipozaliwa, na tangu hapo, milimani na tambarare, sikuweza kulitangulia. Kila kituo nilichohamishiwa nililikuta limeshafika.

Nilianza kazi wakati bendera mpya ilikuwa bado haijapauka. Baba yangu alikuwa mkata mkonge aliyetoka Kigoma, nami nilizaliwa kambini, huku chini. Milima ya Upare nilikuwa naiona kila asubuhi kama mtu anavyoiona nyumba ya jirani tajiri: naijua sura, sijui ndani. Kwa hiyo nilipomaliza chuo na kupewa barua ya kwenda shule moja chini ya msitu wa Shengena, nilifunga sanduku langu la bati, nikapanda lori hadi Same, kutoka Same lori lingine hadi mwisho wa barabara, na baada ya hapo nikajifunza kwamba barabara ikiisha, mlima ndiyo kwanza unaanza.

Nilifika saa kumi jioni, nimeloa hadi soksi. Mlangoni alisimama mama wa makamo aliyevaa koti la mwanaume juu ya kitenge.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu mpya? Vua hivyo viatu, vitaoza kabla hujapokea mshahara."

Huyo ndiye Mwalimu Navoneiwa. Alikuwa mjane, na alifundisha darasa la kwanza. Darasa hilo walimu wengine walilikwepa kwa sababu watoto waliingia wakijua Chasu tu, lugha ya Wapare, na wengine walikuwa hawajawahi kuona kitabu. Chuoni nilikuwa nimefundishwa saikolojia ya mtoto. Yeye alinifundisha kuandika ubaoni nikiwa nimesimama ubavu. "Ukiwapa mgongo," alisema, "watasoma mgongo." Alinifundisha kupanga maharage mezani yawe herufi, mtoto afuate umbo kwa kidole, na mwisho wa kipindi maharage yarudi kwenye mfuko yote, kwa kuwa ndiyo yangepikwa makande kesho yake. Nilihesabiwa kuwa mwalimu siku nilipofundisha herufi m bila kupoteza hata punje moja.

Masika yalipokolea, watoto waliotoka ng'ambo ya bonde hawakuweza kwenda na kurudi kila siku. Njia ilikuwa inaporomoka. Walilala shuleni kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, katika kibanda cha udongo, juu ya majani makavu ya migomba. Wazazi walileta chakula kwa zamu. Mchana watoto hao walicheza kama wenzao, ila giza likianza kuingia mmoja alianza kulia, na baada yake wote. Mwalimu Navoneiwa aliketi juu ya kinu alichokipindua, katikati yao, akasema taratibu, bila kuimba hasa na bila kusoma hasa:

Ukungu watelemka,
Shengena wajifunika,
mbuzi wote wamefika,
nawe sasa pumzika.

Jembe liko ukutani,
na mwiko umo chunguni,
moto walinda jikoni;
lala, waogopa nini?

Alirudia mara tatu au nne. Sauti za kilio zilipungua moja moja, kama mtu anayefunga madirisha ya nyumba kubwa. Nilikuwa nimesimama mlangoni na taa ya chemni. Nilidhani ni kitu cha kale cha huko huko mlimani, mpaka nilipokumbuka kwamba kilikuwa kwa Kiswahili.

"Umelitunga wewe?" nikamwuliza tulipotoka.

"Wiki iliyopita. Ni bovu?"

"Si bovu. Ila hawa watoto ni wa Chasu. Kwa nini usiwasemeshe kwa lugha yao?"

Akajifunga kitenge vizuri. "Kwa Chasu wanalazwa na mama zao. Nikiwalaza kwa Chasu watamkumbuka mama, watalia mpaka asubuhi. Kwa Kiswahili watanikumbuka mimi, na mimi nipo."

Nilikuwa nimesoma vitabu viwili vizima kuhusu kufundisha lugha na hakuna kilichoniambia hivyo.

Mwaka huo surua ilipita milimani. Shule ilifungwa kwa muda, na ilipofunguliwa viti viwili vya darasa la kwanza vilibaki wazi. Mmoja wa waliofariki aliitwa Elieza, na alikuwa analala kibandani upande wa ukutani, karibu na mtoto mwenzake aitwaye Sifaeli, wa miaka kama saba. Jioni ya kwanza tuliporudi, Mwalimu Navoneiwa aliketi juu ya kinu na kuanza mistari yake. Alipofika "lala, waogopa nini?" Sifaeli alikaa kitako.

"Mwalimu," alisema, "Elieza naye aliambiwa alale. Hakuamka."

Nilimtazama mwalimu wangu nikisubiri jibu, maana sikuwahi kumwona akikosa jibu. Alihama kutoka kwenye kinu akaenda kukaa chini pale palipokuwa pa Elieza, akamshika Sifaeli kichwa, akabaki hivyo hadi alipolala.

Kesho yake wakati wa mapumziko nilimkuta ameketi kwenye ngazi, anaandika nyuma ya karatasi ya andalio la somo, anafuta, anaandika tena. Chai yake ilikuwa imepoa na nzi ameshaiona. Hatimaye akanipa karatasi. "Wewe umetoka chuo. Nitazamie makosa."

Nilisoma ubeti wa tatu:

Kesho jua likipanda,
tutakula, tutakwenda;
leo nimeshakupenda,
lala, mimi ninalinda.

Nilikuwa kijana, na kijana akiombwa makosa ni lazima ayapate. Nikamwambia kwamba "nimeshakupenda" haikukaa vizuri. Ilikuwa kana kwamba kupenda ni kazi mtu anayoimaliza, kama kufagia. Kwa nini asiseme "ninakupenda"?

"Kwa sababu siwezi kumwahidi kwamba ataamka," alisema. "Hilo si langu. Na mtoto amelijua hilo kabla yako, kwa hiyo usimdanganye. Ninachoweza kumwambia bila kuongopa ni kile kilichokwisha kufanyika. Leo nimeshampenda. Hata iweje, hiyo haifutiki."

Nilimrudishia karatasi. Tangu siku hiyo nimefundisha nyakati za vitenzi labda mara mia, na kila nikifika kwenye "-mesha-" nasimama kidogo, wanafunzi wakidhani nimesahau somo.

Jioni ile Sifaeli aliusikiliza ubeti mpya, akaomba ule mstari wa tatu urudiwe. Ukarudiwa. Akalala. Aliamka kesho yake na siku zote zilizofuata, na sasa ni fundi cherehani pale Same, mtu mnene mwenye wajukuu.

Nilikaa kule miaka minne, kisha nikahamishiwa shule ya tambarare, katikati ya mashamba ya mkonge. Wiki ya kwanza nilikuwa napita kando ya kamba za kuanikia singa za mkonge nikamsikia mama mmoja, mtoto mgongoni, anasema huku anaanika:

Ukungu watelemka,
mkonge wajifunika…

Nilisimama hadi akageuka. Ukungu pale hakuna. Kinachotelemka pale ni vumbi. "Samahani, mama," nikasema, "hayo maneno umeyatoa wapi?"

"Haya? Haya ni ya zamani, mwalimu. Ya bibi zetu."

"Bibi zenu wa wapi?"

"Songea," alinijibu bila wasiwasi.

Shairi lilikuwa na umri wa miaka minne na lilikwisha kupata bibi Songea. Nilijaribu kufuatilia njia yake na sikufika mbali. Msichana mmoja wa mlimani alikuwa ameajiriwa kulea watoto wa nesapara, msimamizi wa vibarua. Kutoka nyumba ya nesapara likaenda kambini, na kambi ile ilikuwa na watu wa kila pembe ya nchi. Kila mmoja alililaza katika kitanda chake. Mnyamwezi mmoja aliwaondoa mbuzi akaweka ng'ombe. Waislamu wa barabarani walimalizia kwa bismillahi. Mahali pa Shengena kila mtu aliweka alichokuwa nacho mbele ya mlango wake. Lakini ubeti wa tatu hakuna aliyeugusa. Niliuliza na kuuliza. Wote walisema "leo nimeshakupenda," vile vile, neno kwa neno.

Kisha likaja Azimio la Arusha, na baada yake vijiji vya ujamaa na kampeni ya kufuta ujinga. Nami nikapewa madarasa ya watu wazima katika kijiji kipya kilichopangwa kando ya barabara kuu, watu wengine wameshushwa kutoka milimani, wengine wametoka kwenye mkonge. Tulisoma saa tisa alasiri, watu wakitoka shamba, chini ya paa la makuti lisilo na kuta. Vitabu vya kwanza vilizungumzia mbolea na mazao. Vilikuwa vizuri, ila mtu aliyeshinda kwenye mbolea tangu alfajiri hana hamu ya kuisoma.

Katika darasa hilo alikuwepo Bi Namsifu, mwanamke wa miaka kama hamsini, mwenye mikono mikubwa ya kazi. Alihudhuria kuliko wote na hakuweza kusoma hata neno. Alikuwa anaishika penseli kama mtu aliyeshika nyoka shingoni. Siku moja alikuja na kibao chake cha kuandikia akakiweka mezani kwangu. "Mwalimu, mpe mwingine. Kichwa changu kimefungwa."

Nikageukia ubao, ubavu, nikaandika ile mistari kumi na miwili kwa herufi kubwa bila kutaja ni nini. Nikachukua fimbo, nikagusa neno la kwanza, la pili, la tatu, kwa mwendo wa mtu anayelaza mtoto. Nilipofika mstari wa pili mtu mmoja nyuma akacheka: ameling'amua. Nikaendelea kugusa, na sasa darasa zima likawa linasema nami, watu wazima, baadhi wana mvi.

Tulipomaliza nikamwambia Bi Namsifu, "Nionyeshe moto ulipo."

Alisogea ubaoni. Midomo yake ilianza kutoka mwanzo, kimya kimya, na kidole kikafuata, neno moja pumzi moja. Ukungu. Watelemka. Alipofika ubeti wa pili, mstari wa tatu, alisimama. Akafunika neno zima kwa kiganja.

"Huu hapa," alisema. "Huu ni moto."

"Ndio wenyewe."

Aliondoa mkono akalitazama. Halafu akaliendea neno "mimi" kule chini, akaligusa, akarudi juu kwenye "moto", akaona kwamba yanaanza kwa alama ile ile. Nilimwona akiona. Siwezi kuieleza vizuri zaidi ya hapo. Aliwageukia wenzake na macho yamejaa machozi.

"Jamani! Kumbe yalikuwa na sura! Miaka yote nayasema, nawalaza watoto sita, kumbe yana sura!"

Hakukileta tena kibao mezani kwangu kukirudisha. Kabla ya mavuno alikuwa anawasomea majirani barua za watoto wao walio jeshini, na nasikia alikuwa anaruka sehemu alizoona hazifai.

Siyo kila mtu alifurahi. Alikuja mkaguzi mmoja, kijana mwenye suti ya Chou En-lai iliyonyooshwa vizuri kupita kiasi, akaliona shairi ubaoni.

"Ndugu mwalimu, taifa linajengwa, nanyi mnafundishana kulala?"

"Ni la watoto, ndugu. Watu wazima wanalitumia kusomea."

"Na hapa: 'tutakula, tutakwenda.' Kwenda wapi? Bila kulima? Na hili la kupendana halina manufaa kwa mkulima." Akachukua chaki mwenyewe, akafuta mstari wa tatu wa ubeti huo, akaandika "kesho tutalima shamba." Kisha akaketi. "Sasa wasome."

Walisoma. Walisoma kwa sauti moja, wazi, wakifuata fimbo yangu, na walipofika pale wakasema wote, "leo nimeshakupenda."

Akaomba warudie. Wakarudia vile vile. Akaniinamia sikioni. "Hawa hawajui kusoma."

"Wanajua, ndugu. Ila hapo hawasomi ubao."

Aliandika taarifa yake, nami nikaitwa na mkubwa wangu nikaambiwa nijirekebishe. Nilijirekebisha kwa kuliandika shairi siku ambazo wakaguzi hawasafiri.

Miaka michache baadaye nilikuwa Hedaru, nimekuwa mratibu wa elimu. Hedaru mnaijua: malori, mabasi, maduka madogo, na siku ya gulio huwezi kuvuka barabara. Siku moja ya gulio, adhuhuri, aliniita Mzee Shabani, mwenye duka la nguo aliyezaliwa pale pale na baba yake kabla yake. Chini ya benchi la barazani kwake alikuwa amemkuta mtoto wa kike wa miaka minne hivi, amelala juu ya gunia tupu, gauni la kijani, miguu pekupeku.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Wewe ndiye mtu wa watoto. Huyu si wa mtu yeyote hapa. Nimezungusha gulio zima."

Mtoto alikuwa ameamka, halii, anatutazama. Nikachuchumaa. "Unaitwa nani?"

"Zuhura."

"Na mama?"

"Mama."

"Kwenu wapi, Zuhura?"

"Kwa bibi."

Tulimjaribu kwa Chasu, hakujua. Watu waliozunguka wakakata shauri: asiyejua Chasu ni mtoto wa mkonge, ameteremka kwenye lori la vibarua waliopita asubuhi kuelekea Korogwe. Katibu wa tawi akapendekeza apandishwe basi la saa nane na mgambo mmoja, wakamtafutie wenyewe huko makambini, na wasipompata apelekwe Tanga kwenye kituo cha watoto. Ilikuwa shauri la busara. Harufu ya samaki aliyokuwa nayo haikutuambia kitu. Siku ya gulio Hedaru yote inanuka samaki.

Basi lilikuwa linapakia. Mgambo ameshamshika mkono. Sijui kwa nini nilifanya nilichofanya. Nafikiri nilitaka tu asiogope safari. Nikainama nikamwambia, "Zuhura, unalijua hili? Ukungu watelemka…"

Uso wake ulibadilika. Akavuta pumzi na kunijibu kwa haraka, kama mtoto aliyeulizwa kitu rahisi mno:

Mitumbwi yajifunika,
nyavu zote zimefika,
nawe sasa pumzika.

Mzee Shabani alisogeza kofia yake nyuma. "Mitumbwi? Mkonge una mitumbwi?"

"Mrudishe," nikamwambia mgambo. "Huyu hatoki huko. Huyu ni wa Nyumba ya Mungu, kule bwawani kwa wavuvi."

Katibu hakuamini. "Utampeleka mtoto kaskazini kwa sababu ya shairi?"

"Ndiyo, ndugu. Na nikikosea nitamrudisha mimi mwenyewe."

Tukasimamisha lori lililokuwa linaelekea Moshi. Mzee Shabani alifunga duka, siku ya gulio, akaja nami. Tukashukia njia panda ya kwenda bwawani, tukapata lifti nyingine, na jua likiwa limeinama tukaona maji. Zuhura alikuwa amelala mabegani kwa mzee.

Ufukweni walikuwepo watu wengi mno, na hapakuwa na kelele. Wanaume walikuwa majini hadi kifuani wakivuta nyavu polepole, karibu na ukingo, mahali ambapo hakuna samaki wa maana. Ilinichukua muda kuelewa. Mtoto alikuwa amepotea tangu alfajiri. Walikuwa wanamtafuta yeye.

Kumbe lori la samaki lilipakia mapema, mtoto akapanda nyuma kucheza, akasinzia katikati ya matenga. Akapelekwa Hedaru, na walipokuwa wanapakua akashuka bila kuonekana. Hakuna aliyefikiria lori. Ukiishi kando ya maji, mtoto asipoonekana unafikiria maji.

Bibi yake alikuwa ameketi mchangani, miguu ameinyoosha, kanga ameiuma mdomoni. Mzee Shabani alipiga magoti akamlaza mtoto mapajani mwake, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima. Bibi alimtazama mtoto. Akamgusa pua, nywele, nyayo. Kisha ndipo ikatoka sauti, na majini wanaume wakageuka, mmoja baada ya mwingine, wakaziachia nyavu.

Baadaye tulipewa ugali, nikamweleza tulivyojua. Bibi akanisikiliza hadi mwisho.

"Hilo la mitumbwi nililiweka mimi," alisema. "Mlimani wanasema Shengena. Mtoto akawa ananisumbua: bibi, Shengena ni nini? Nikachoka. Nikamwekea kitu anachokiona."

Niliporudi Hedaru kulikuwa na agizo la wilaya: tutoe kijitabu cha wasomaji wapya, cha kurudufu, na shairi lile liwemo. Walitaka toleo sahihi pamoja na jina la mtunzi. Nikapanda mlima. Mwalimu Navoneiwa alikuwa amestaafu, analima tangawizi, na lile koti alikuwa bado analo.

Nilimweleza yote: mkonge, ng'ombe, Songea, Bi Namsifu na neno "moto". Alimcheka sana mkaguzi. Nilipofika kwa Zuhura aliacha kucheka. Alinisimamisha mara kadhaa.

"Walikuwa wanavuta nyavu?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na basi lilikuwa limeshawaka?"

"Limeshawaka."

Akasugua udongo wa tangawizi vidoleni. "Mitumbwi yajifunika," alisema pole pole, mara mbili. "Mimi sijawahi kuuona mtumbwi." "Nilitaka tu wanyamaze, mwanangu. Walikuwa wanalia, nami nilikuwa nimechoka. Basi. Hiki kingine chote sijui kimetoka wapi."

Nikamwuliza toleo sahihi ni lipi, ili nikaliandike.

"Mstari wa pili msiuandike. Wekeni nukta. Kila mtu ajaze cha kwao."

"Na jina lako?"

Nilitegemea akatae, maana watu wa aina yake katika hadithi hukataa. "Liweke," alisema. "Nimekesha na lile neno moja. Liweke."

Nilichapa stensili mwenyewe. Nukta ziko mahali pake, na chini kabisa jina lake. Kwenye mashine ya kurudufu stensili ikachanika ukingoni, na karatasi mpya za stensili zilikuwa hazipatikani wilaya nzima. Kijitabu kikatoka bila jina. Nilimpelekea nakala moja niliyomwandikia jina kwa kalamu ya wino, akasema inatosha, lakini mimi sijawahi kuona kwamba inatosha. Basi someni hapa: lilitungwa na Mwalimu Navoneiwa, wa darasa la kwanza. Amefariki sasa. Waambieni watoto.

Zile nukta zilinisaidia kuliko kitabu chochote cha sarufi. Anayejaza mkonge aandike "wajifunika", mwenye mitumbwi "yajifunika", mwenye ziwa "lajifunika". Ni somo zima la upatanisho, na hakuna anayejua kwamba anafundishwa. Nimelitumia kila mwaka, hadi darasa langu la mwisho, shule ya mlimani, darasa la tatu.

Mwaka ule watoto waliandika kahawa, migomba, kanisa, redio ya babu. Nilipita kati ya madawati na kalamu nyekundu. Nakiete, msichana wa miaka tisa, alikuwa amerudi shuleni wiki hiyo. Mama yake alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba yao, ukingoni mwa shamba. Nilikuwa nimepanga nimruke. Lakini alinyoosha mkono, akataka kusoma, na huwezi kumkataza mtoto aliyenyoosha mkono.

Akasimama, ameshika daftari kwa mikono miwili.

Ukungu watelemka,
kaburi lajifunika,
mbuzi wote wamefika,
nawe sasa pumzika.

Aliendelea, jembe, mwiko, moto, sauti haitetemeki, na ni hapo nilipoanza kuelewa kinachotokea. Maisha yangu yote nimelisikia shairi lile likitoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Sasa mtoto alikuwa anamlaza mama yake. Hakubadilisha kitu kingine chochote, wala haikuhitajika. Kila neno lilikuwa linamtosha, kana kwamba miaka yote lilikuwa limekaa linamsubiri.

Leo nimeshakupenda,
lala, mimi ninalinda.

Akashusha daftari akanitazama. Wenzake nao walinitazama. Nikaitia kalamu nyekundu mfukoni.

"Nimekosea, mwalimu?" aliuliza.

"Hapana, Nakiete," nikasema. "Ni sahihi. Keti, mama."